Ndoo Iliyohesabiwa Watu Thelathini na Sita

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, birika kubwa la umeme linaunguruma ndani ya chumba kidogo cha vifaa, ghorofa ya tatu ya jengo la kampuni moja ya bima. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili, aproni ya buluu kiunoni na kitambaa kichwani, anamimina maji yanayochemka kwenye ndoo nyekundu. Mvuke unampanda usoni. Hata hakwepi.

Anatoka na ndoo mpaka meza namba moja. Anaisukuma chini ya meza kwa mguu, anachovya tambara, analikamua, anaanza kufuta. Mara anashtuka kama aliyekanyaga moto. Anainama, anaivuta ndoo kwa haraka na kuiweka katikati ya njia.

"Mazoea haya yataniua," anasema, akicheka peke yake. "Visanduku wameshavizima, lakini moyo bado unaniambia vinaniona."

Walinzi wa jengo wanamwita Mama Ndoo, naye jina analipenda. Amesafisha ghorofa hii kwa miaka kumi na mmoja. Mwezi uliopita kibarua chake kilibaki kwenye uzi, akaitwa mwizi mbele ya wakubwa, na yote hayo kwa sababu ya ndoo hii hii nyekundu. Wanaosikia kisa chake kwa mara ya kwanza hushika kichwa. Wanaokisikia kwa mara ya pili hukishika tena.

Ghorofa ya tatu ni ya kitengo cha madai. Ndipo wanapokaa watu wanaoamua kama gari lako liligongwa kweli au umeligonga mwenyewe. Kuna meza thelathini na sita, zimepangwa safu nne, na zamani kila meza ilikuwa na mwenyewe, picha za watoto wake na vikombe vyake vichafu.

"Ilikuwa vurugu, lakini vurugu ya watu," anakumbuka Mama Ndoo. "Mmoja alikuwa anakula karanga, maganda yote anatupa kwenye droo. Mwingine chai yake lazima imwagike. Nilikuwa nagombana nao kama wanangu."

Zaidi ya mwaka mmoja uliopita, kampuni ilibadili utaratibu. Wafanyakazi wakaambiwa wanaweza kufanyia kazi nyumbani siku wanazotaka, na kuja ofisini siku wanazotaka. Meza hazikuwa tena na wenyewe. Ukija, unakaa palipo wazi. Mfumo mseto, ndivyo wakubwa walivyouita.

Mumewe Mama Ndoo ni fundi cherehani, na cherehani yake iko sebuleni. Alipoletewa habari hiyo aliacha kushona kabisa.

"Mimi nafanyia kazi nyumbani mwaka wa ishirini huu," alimwambia mkewe. "Hata siku moja hakuna aliyeniita mtu wa kisasa. Nyie mnasema nimejifungia."

Pamoja na utaratibu mpya vikaja visanduku. Vidogo, vyeupe, ukubwa wa kiberiti, kimoja chini ya kila meza. Mama Ndoo alivikuta asubuhi moja, hakuna aliyemwambia ni vya nini. Matangazo yote ya kampuni hupita kwenye barua pepe, naye barua pepe ya kampuni hana. Hajawahi kuwa nayo.

"Nikadhani ni dawa ya panya," anasema. "Nikasema afadhali, maana yale maganda ya karanga yalikuwa yanawaita. Nikawa navifuta vumbi kila siku. Siku nyingine navisalimia."

Hawakuwa panya waliotafutwa. Visanduku vile vinanusa joto. Mtu akikaa mezani kwa zaidi ya dakika tano, kisanduku kinapeleka habari kwenye kompyuta, na kwenye skrini ya mkurugenzi, ghorofa ya tano, nukta moja inageuka kijani na kubaki hivyo mpaka jioni. Kisanduku hakijui jina wala sura. Kinajua joto tu. Bei ya kimoja, Mama Ndoo aliambiwa baadaye, ni mshahara wake wa miezi miwili.

Sasa sikiliza jambo la ndoo.

Kampuni ya usafi inayomwajiri Mama Ndoo iliwapa wafanyakazi wake wote chupa za kupulizia. Maji baridi yenye dawa, unapuliza, unafuta, unasonga mbele. Wenzake wa ghorofa ya pili na ya nne walizipokea. Yeye alikataa katakata.

"Ile si kusafisha, ile ni kulowanisha uchafu," anasema, na hapo sauti inampanda. "Kusafisha ni maji ya moto. Mama yangu alinifundisha hivyo na sijaona wa kunibadilisha."

Kwa hiyo akaendelea na ndoo yake. Na ndoo aliiweka chini ya meza, moja baada ya nyingine, dakika sita kwa kila meza. Hilo la kuiweka chini ya meza hakulibuni yeye. Miaka minne iliyopita mhasibu mmoja alijikwaa kwenye ndoo iliyokuwa njiani akavunjika kifundo cha mkono, na tangazo likabandikwa mlangoni mwa chumba cha vifaa: ndoo zote ziwekwe chini ya meza, zisionekane njiani. Karatasi hiyo ipo mpaka leo, imekuwa ya njano.

Ndoo ya maji yanayochemka. Chini ya meza. Dakika sita.

Ameshaelewa anayeelewa. Kila asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili, nukta za ghorofa ya tatu zilianza kugeuka kijani. Meza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikifika saa nne kasoro, safu zote nne ziko kijani, meza thelathini na sita, hakuna hata moja iliyobaki. Saa nne kamili Mama Ndoo huvua aproni, hushuka ngazi na kwenda zake kwenye kibarua cha pili, zahanati ya mtaa wa nyuma. Ripoti ya siku ikiandikwa jioni, inasoma: ghorofa ya tatu, mahudhurio asilimia mia moja.

Kwa miezi kumi na minne.

Je, yeye mwenyewe hakuona kwamba watu hawapo? Swali hili Mama Ndoo ameulizwa mpaka amechoka, na bado analijibu.

"Niliambiwa wanakuja muda wanaotaka. Mimi natoka saa nne. Nikajua hawa watu wa kusoma wanapenda kulala, watakuwa wanaingia mchana," anasema. "Halafu nikaona meza safi. Hakuna karanga, hakuna chai, mapipa hayana kitu. Nikafurahi! Nikasema jamani, hatimaye wamestaarabika."

Baadaye alianza kuingiwa na wasiwasi. Kalenda ya ukutani ilikuwa haifunuliwi. Ua lililokuwa dirishani lingekufa kama asingelimwagilia yeye. Akamwambia msimamizi wake: bosi, mbona mapipa ya ghorofa yangu hayana taka?

"Alinijibu, 'Mshukuru Mungu,'" anasema Mama Ndoo. "Basi nikamshukuru."

Mlinzi wa mlango mkubwa naye alijua, maana watu wote hupita mbele yake. Alipoulizwa na mwandishi kwa nini hakusema, alivuta kofia yake mbele kidogo.

"Mimi nimewekwa hapa nizuie wanaoingia," alisema. "Wasioingia, hakuna aliyeniambia niwaripoti."

Ghorofa za pili na nne hazikuwa na ndoo ya moto. Huko nukta za kijani zilikuwa chache, zilizobaki nyekundu, kila siku. Ndani ya miezi miwili kampuni ikaamua: kama watu hawaji, usafi wa nini? Wasafishaji wa ghorofa hizo mbili wakaambiwa wasije tena kuanzia Jumatatu. Mmoja alipata kazi sehemu nyingine. Wa pili, msafishaji wa ghorofa ya nne, ni shoga yake Mama Ndoo wa miaka tisa, mwanamke mwembamba anayeitwa Kipenga kwa sababu akipiga deki hupiga mluzi.

"Tulikuwa tunakunywa chai pamoja kwenye ngazi, saa mbili kamili," anasema Mama Ndoo. "Siku ile alishuka na mfuko wake, akaniambia ghorofa yangu haina watu. Nikamwambia pole, yangu bado inajaa. Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo wangu."

Huko juu, mkurugenzi alikuwa anaikodolea skrini yake na kuishangilia ghorofa ya tatu. Lifti yake hupanda moja kwa moja mpaka ya tano, hakuwahi kushuka katikati. Kila mwisho wa mwezi alituma barua pepe kwa kampuni nzima: tazameni kitengo cha madai, hawalazimishwi na wanakuja wote, ninyi wengine mna nini? Watu wa ghorofa nyingine wakawachukia wa madai kufa.

Na hao wa madai wenyewe? Hapa ndipo mtu anapokosa la kusema.

Wote thelathini na sita walikuwa nyumbani. Kila mmoja aliisoma ripoti ile ya asilimia mia moja, na kila mmoja aliamini kwamba wenzake wote wanakwenda ofisini, ni yeye peke yake asiyekwenda, na kwamba kwa bahati ya ajabu kuna mtu wa kitengo kingine anayekalia meza yake. Nani ajitokeze aseme? Wakanyamaza. Kwa aibu, wakachapa kazi huko majumbani kama wanaolipa dhambi. Madai yaliyokuwa yakichukua siku ishirini na moja yakawa yanamalizika kwa siku tisa.

Mkuu wa kitengo naye alikuwa miongoni mwao. "Nilijiona mimi ndiye mkuu pekee ambaye watu wake wanawahi na yeye hayupo," alisema, akiangalia viatu vyake. "Ningeanzia wapi kuwauliza?"

Mambo yangeendelea hivyo hivyo kama binti yake Mama Ndoo asingejifungua.

Ni binti wa pekee, anaishi mbali, na mtoto alikuwa wa kwanza. Mama Ndoo hakuwa amechukua likizo kwa miaka sita. Akaomba wiki mbili, akapewa, akapanda basi na kanga mpya na sabuni ya mtoto. Msimamizi wake hakuweka mtu wa kumshikia nafasi. Wiki mbili tu, alijisemea, vumbi halitamla mtu.

Jumatatu ya kwanza, saa tatu asubuhi, mkurugenzi alifungua skrini yake. Ghorofa ya tatu: sifuri.

Alidhani mashine imeharibika. Jumanne, sifuri. Jumatano, sifuri. Kutoka asilimia mia moja mpaka sifuri, ndani ya usiku mmoja, watu wote thelathini na sita! Akajua ni mgomo. Ndiyo kwanza alikuwa ametoa agizo kwamba kuanzia mwezi unaofuata kampuni nzima irudi ofisini siku tano kwa wiki, kwa mfano wa kitengo cha madai. Na sasa mfano wenyewe umemgomea.

Akashuka na meneja utumishi. Wanaosimulia wanasema lifti ilipofunguka ghorofa ya tatu, hakuna aliyepiga hatua. Viti vimesukumwa vizuri chini ya meza. Vumbi jembamba juu ya simu. Kalenda ukutani inaonyesha mwezi wa mwaka jana. Ua la dirishani limeinamisha kichwa kwa kukosa maji ya siku tatu.

"Bosi alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokikuta," anasema meneja utumishi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. "Nilidhani presha imempanda. Akaniuliza, 'Kwa hiyo nimekuwa nikimsifu nani?'"

Wakamwita dada wa kompyuta, ndiye anayevisimamia visanduku. Akafungua kumbukumbu za miezi yote. Meza zilikuwa zinajaa kwa mpangilio, namba moja mpaka thelathini na sita, kila meza dakika sita, kila asubuhi, bila kuruka hata moja.

"Ilikuwa kama mtu mmoja anayekalia viti vyote kwa zamu," anasema. "Nikaogopa, nasema kweli. Walinzi walishaanza kusema ni jini."

Kampuni ya bima haiamini majini. Inaamini udanganyifu, maana ndio mkate wake wa kila siku. Kabla ya wiki kwisha wakubwa walikuwa wamepata maelezo yao: watu wa madai wamemnunua mtu awadanganyie mahudhurio. Na mtu pekee anayefika ghorofa ile alfajiri alikuwa mmoja.

Mama Ndoo alirudi Jumatatu, furaha imemjaa, picha ya mjukuu kwenye simu. Akagusisha kadi yake mlangoni. Mlango haukufunguka. Akagusisha tena.

"Mama, usihangaike," mlinzi alimwambia, na hakumtazama usoni. "Umeitwa juu."

"Juu wapi?"

"Tano."

Miaka kumi na mmoja, hajawahi kukanyaga ghorofa ya tano. Akapandishwa na aproni yake mkononi. Ndani alikuta watu watano wamekaa upande mmoja wa meza, msimamizi wake kasimama kando amenyong'onyea kama kuku aliyenyeshewa. Kiti chake kiliwekwa peke yake, katikati.

"Mama, nani aliyekutuma?" mkurugenzi aliuliza.

"Kunituma wapi, mwanangu?" Kwa kuchanganyikiwa alimwita mwanangu, mtu mwenye mvi.

"Nani anakulipa uweke kitu cha moto chini ya meza za watu?"

Masikio yakaziba. Alisikia maneno vipande vipande: kughushi, mahudhurio, polisi. Aliona picha ya mjukuu wake kwenye simu mapajani, akaona jinsi atakavyompigia binti yake kumwambia bibi yuko mahabusu kwa kosa asilolijua jina.

"Nililia," anasema waziwazi. "Sitaficha. Nililia kwa kelele. Miaka kumi na mmoja sijabeba hata kalamu ya mtu, leo naitwa mwizi wa nini? Wa viti?"

Alipomaliza kulia, akafuta uso kwa aproni, na hasira ikaja mahali pa machozi.

"Kitu cha moto chini ya meza ni ndoo yangu," aliwaambia. "Na chini ya meza mliniambia ninyi. Mmeandika. Karatasi iko mlangoni, twendeni mkaisome."

Wakaangaliana. Dada wa kompyuta ndiye aliyeelewa wa kwanza, akaziba mdomo kwa mkono. Akasema, taratibu, kwamba ingefaa washuke wote.

Wakashuka. Mama Ndoo akafunga aproni yake, akachemsha maji, akajaza ndoo. Dada wa kompyuta akaweka kompyuta ndogo juu ya kabati ili wote waione. Nukta thelathini na sita, zote nyekundu. Mama Ndoo akaisukuma ndoo chini ya meza namba moja na kuanza kufuta, kama siku zote. Mezani, kwenye simu, kwenye miguu ya kiti.

Dakika ya tano ikapita. Nukta ya kwanza ikawa kijani, na neno moja likajitokeza pembeni: Yupo.

"Lahaula!" alisema meneja utumishi.

Mama Ndoo hakusimama. Akasogeza ndoo meza ya pili. Akafuta. Yupo. Meza ya tatu. Yupo. Mkurugenzi alikuwa anaitazama ile ndoo kama mtu aliyeonyeshwa ndugu asiyemjua. Kufika meza ya nne akasema, "Basi, mama. Basi. Inatosha."

"Bado meza thelathini na mbili," alijibu Mama Ndoo. "Zina vumbi la wiki mbili hizi."

Na akaendelea mpaka mwisho.

Jumatano ya wiki hiyo mkurugenzi aliwaita wote wa kitengo cha madai, kwa mwili na kwa viatu. Walikuja thelathini na sita. Mama Ndoo alikuwa amebakishwa makusudi, na anasema hajapata kuona mkutano kama ule. Walisimama vikundi vikundi, wanatazamana kwa woga.

"We ulikuwa unakuja?" mmoja alimuuliza mwenzake kwa sauti ya chini.

"Mimi? Mimi nilijua unakuja wewe."

"Sasa nani alikuwa anakuja?"

Wote, mmoja mmoja, wakageuka kumtazama mwanamke wa aproni ya buluu aliyesimama mlangoni na ndoo. Kicheko kilipoanza hakikuzuilika. Mwenye karanga alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kulikuwa na kijana mgeni, aliyeajiriwa miezi kumi nyuma, ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na mwanamke mmoja alikuwa amejifungua na kumwachisha mtoto ziwa bila jirani yake wa meza kujua kama alikuwa na mimba. Mkutano wa saa moja ulikwenda mpaka jioni. Waliondoka wenyewe, hawakufukuzwa.

Kampuni ikajifunza kwa kupigwa kofi. Agizo la siku tano likafutwa kimyakimya. Watu wanabaki majumbani, maana kazi inakwenda, ila kila kitengo kina siku yake moja ya kukutana, na Jumatano wanakuja wote, kampuni nzima, watu mia moja na kumi. Ghorofa ya pili na ya nne zinarudishwa kwa mwenye jengo. Inayobaki kwa ajili ya wote ni ya tatu. Visanduku vimezimwa.

Na Mama Ndoo? Aliombwa radhi na mkurugenzi mwenyewe, mbele ya watu. Wiki iliyopita meneja utumishi alimkabidhi mkataba: mwaka mzima, ameajiriwa na kampuni yenyewe, si kupitia kampuni ya usafi tena, na kwa mara ya kwanza atakuwa na barua pepe. Mtu mwingine angetia saini kabla kalamu haijafunguliwa.

Karatasi hiyo iko kwenye mkoba wake. Haijatiwa saini. Mwisho ni Ijumaa.

Kilichomzuia ni jambo alilolijua siku ile ile ya ndoo. Wakati wakubwa wakitawanyika, alimwuliza dada wa kompyuta swali moja: ghorofa ya nne wakati ule ilionyesha watu wangapi? Akaambiwa, sita, siku nyingine wanane. Na hao walikuwa wa kweli? Ndiyo, walikuwa wa kweli.

Ghorofa ya Kipenga ilikuwa na watu sita wanaopumua, ikahesabiwa haina watu. Yake ilikuwa na ndoo, ikahesabiwa imejaa.

"Mwenzangu alifukuzwa na ndoo yangu," anasema. Hapo hacheki. "Sikujua, wala yeye hakujua. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Na mimi nilimwambia pole, yangu inajaa."

Kipenga sasa anafua nguo nyumba kwa nyumba. Vidole vyake vimechubuka kwa sabuni. Mama Ndoo alimfuata nyumbani Jumapili akamweleza kila kitu, mwanzo mpaka mwisho, tayari kutukanwa.

"Nilimtazama," anasema Kipenga, "nikamwambia, yaani mimi na chupa yangu ya kupulizia tulishindwa na ndoo? Nikacheka. Baada ya kuondoka ndipo nililia."

Mkataba unasema msafishaji ni mmoja. Mama Ndoo amepiga hesabu yake: Jumatano watu mia na kumi, vyoo vinne, ghorofa moja, mikono miwili. Haiwezekani. Amemweleza meneja utumishi kwamba anataka wawe wawili, yeye na Kipenga, naye amesema atalifikisha juu. Mumewe, kutoka nyuma ya cherehani, amemwambia atie saini kwanza halafu aombe. Majirani wamemwambia hivyo hivyo. Hata Kipenga amemwambia asichezee unga wake.

"Nikishatia saini, nani atanisikiliza?" anauliza. "Sasa hivi bado wana aibu. Aibu ya wakubwa haikai sana, lazima uiwahi."

Je, wakikataa? Anakamua tambara mpaka tone la mwisho. Zahanati peke yake haitatosha kulisha nyumba, hilo analijua, na mjukuu anahitaji vitu. Anakiri kwamba usingizi umempungua wiki hii.

Saa nne kasoro dakika kumi. Meza ya thelathini na sita inang'aa. Mama Ndoo anamwaga maji machafu, anarudisha ndoo kwenye chumba cha vifaa, karibu na ile karatasi ya njano. Kando yake kuna ndoo nyingine, ya kijani, mpya, bado ina kibandiko cha dukani. Ameinunua mwenyewe juzi.

Ya nani hiyo?

"Ya Kipenga. Chupa ya kupulizia hataishika tena, nimemwapia," anasema, akivua aproni. "Ijumaa napanda ghorofa ya tano, na napanda naye. Nitawaambia, ndoo yangu mliihesabu watu thelathini na sita, miezi kumi na minne, hamkukosea hata siku moja. Huyu hapa ni mtu mmoja tu. Safari hii mhesabuni kwa macho."